Geji ya silinda ya bei chee: nilivyoitumia kwenye injini yangu ya 4K

Mimi ni seremala. Kwangu milimita moja ni unene wa mstari wa penseli, na ukiniambia mlango umepungua nusu milimita nitakuuliza kama huna kazi nyingine. Kwa hiyo mtu kama mimi kununua geji ya silinda, kifaa cha kupimia upana wa ndani wa silinda kinachogawa milimita vipande mia, tena kwa ajili ya injini, ni jambo lililomchekesha kila aliyeliona. Nilikinunua kwa hasira, nikakitumia kwa miezi minne, na sasa nina ya kusema.

Hasira ilitokana na ukucha. Injini ni Toyota 4K, ile ya cc 1290, iliyomo kwenye Corolla ya zamani ambayo ilikuwa imeanza kuvuta oili hadi nikawa natembea na kidumu kwenye buti. Tuliifungua, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ikatoka, fundi akaingiza kidole kwenye silinda ya kwanza, akapitisha ukucha karibu na mdomo na kusema, "Mzee, hii imelika. Tunachonga hadi moja kamili, tunaweka pistoni za ovasaizi." Yaani silinda itanuliwe kwa milimita moja, ziwekwe pistoni kubwa kuliko za asili. Nikamuuliza imelika kiasi gani. Akapitisha ukucha tena. "Imelika." Silinda tatu zilizobaki hakuzigusa kabisa.

Ukucha si wa kudharau, nakiri. Ringi ya juu, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni, haifiki mdomoni mwa silinda. Inaishia milimita kadhaa chini, kisha inageuka. Juu ya hapo chuma hakiguswi na kitu, kinabaki kilivyotoka kiwandani. Chini tu ya hapo ndipo panapoliwa kuliko popote: joto la mwako liko pale, gesi inaingia nyuma ya ringi na kuibana ukutani, na ringi yenyewe inasimama kidogo kabla ya kurudi, hivyo utando wa oili unakuwa mwembamba sana. Baada ya miaka panabaki ngazi, na ukucha ndiyo unaoigusa. Lakini hauwezi kukuambia ngazi ni ya 0.05 au ya 0.20, na kati ya hizo mbili ndipo pesa yote ilipo. Ukucha wangu mimi, baada ya miaka ya kushika randa, unakwama hata kwenye karatasi.

Kabla ya kununua chochote nilijaribu vernia yangu ya mbao. Ilinipa 75.0 kila silinda, na kipenyo cha 4K kikiwa kipya ni 75.0. Nilifurahi kwa dakika tano hivi. Midomo ya vernia haizami mbali, inakaa juu ya ile ngazi, kwenye chuma kisicholika. Nilikuwa nimepima kwa makini sana mahali pekee palipo pazima.

Basi nikaagiza geji. Haina jina la maana, sanduku ni la plastiki, inasema milimita 50 hadi 160. Bei yake haikufika nusu ya seti ya pistoni niliyoambiwa ninunue, na hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya kichwani: ikinizuia kufanya kosa moja tu, imejilipa. Ndani kuna fimbo yenye mshikio, saa ya kusomea yenye alama za 0.01, ncha za kubadilisha za urefu tofauti, washa nne za kuongezea, na karatasi ya maelezo ambayo ukiipoteza hujapoteza kitu. Bawaba ya kifuniko ilivunjika wiki ya kwanza. Nafungia sanduku kwa mpira wa tyubu.

Siku ya kwanza mshale uligoma. Unabonyeza ncha, mshale unakwenda. Unaachia, unarudi nusu njia na kulala. Nikafungua kichwa cha fimbo. Humo ndani mlikuwa na chembe za chuma za kiwandani zimegandamana na grisi nyeusi. Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikapaka tone moja la oili ya cherehani, na tangu siku hiyo mshale haujagoma. Lile daraja dogo lenye magurudumu mawili pembeni, ambalo kazi yake ni kuiweka geji katikati ya silinda, lilikuwa na ukali upande mmoja. Nililipitisha kwenye msasa namba 600 hadi likateleza. Mtu atakayeitoa sandukuni na kuitumbukiza kwenye silinda moja kwa moja atapata namba za ajabu, na ataandika kwamba geji ni mbovu. Mimi naiona kama samani iliyoletwa bila kupigwa msasa.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Saa inashikwa kwenye fimbo kwa skrubu ndogo, na skrubu hiyo haibani vizuri. Nilipima silinda ya 1, nikapima ya 2, nikakuta ya 2 imepanuka kwa 0.04 zaidi. Nikaanza kumwandikia fundi ujumbe mrefu. Kabla sijautuma nikarudi kupima ya 1, nayo ikawa imepanuka 0.04! Saa ilikuwa imehama. Siku hizi nabana skrubu hiyo kwa koleo dogo huku nimezungushia kitambaa, na kila baada ya silinda moja narudi kuangalia sifuri. Sifuri ikihama, vipimo vya silinda hiyo navifuta na kuanza upya. Inachosha, lakini bila hivyo ni kupiga ramli.

Nayo sifuri inatoka wapi? Hapa ndipo wengi wanaponunua geji kama hii na kukwama. Geji ya silinda haikuambii silinda ina ukubwa gani. Inakuambia tofauti kati ya silinda na kitu ulichoiwekea sifuri. Namba zilizochongwa kwenye ncha zake ni za kukuelekeza uchukue ncha ipi. Ukizichukulia kama kipimo umekwisha. Lazima uwe na maikromita, kile kipimio cha skrubu kinachosoma ukubwa wenyewe. Geji bila maikromita ni mizani bila mawe. Na 4K imekaa vibaya kwa jambo hili: kipenyo cha 75.0 ndipo maikromita ya 50–75 inapoishia na ya 75–100 inapoanzia. Nilichukua ya 75–100, ambayo huja na kipande cha chuma cha milimita 75 kamili cha kuihakikishia, nikaifunga kwenye jiliwa, nikaweka 75.00, nikaingiza kichwa cha geji katikati ya midomo yake, nikageuza uso wa saa hadi sifuri ikakaa chini ya mshale. Weka ncha ambayo itaufanya mshale ubanwe milimita moja hivi kabla ya kusoma, la sivyo sehemu iliyolika itauacha mshale ukining'inia.

Ukiingia kwenye silinda, unaiyumbisha geji mbele na nyuma kama mtu anayetikisa mlingoti. Mshale unakwenda, unafika mahali unageuka, unarudi. Pale unapogeuka ndipo kipimo kilipo, kwa sababu ndipo geji imekaa sawasawa na haijainama. Angalia mwelekeo. Kwenye saa yangu mshale ukikimbilia kulia ncha inabanwa, maana yake silinda ni ndogo. Ukibaki nyuma ya sifuri, silinda ni kubwa. Nilizisoma silinda mbili nzima kinyume, nikaamini nina injini inayonenepa kadiri inavyotumika.

Halafu joto. Asubuhi moja bloku (mwili wa injini wenye silinda) lilikaa juani, maikromita ikakaa kivulini kwenye droo, na silinda zote zikawa zimepanuka karibu 0.02 kuliko jana yake. Chuma cha kutupwa cha kipenyo cha 75 kikizidiwa joto kwa nyuzi 20 hutanuka kiasi hicho. Sasa vifaa na bloku vinalala pamoja usiku mmoja, na maikromita siishiki kiganjani muda mrefu.

Niliijaribu uaminifu wake kwa kupima sehemu moja mara kumi, nikiitoa na kuirudisha. Majibu manane yalikaa ndani ya alama moja, mawili yakatoka kwa alama mbili. Kwa hiyo mimi nikisoma 0.09 nakuambia ni kati ya 0.08 na 0.10, na simbishii mtu kwa chini ya hapo. Kwa kuamua uchonge au usichonge, inatosha.

Nilichora jedwali kwenye ubao wa plaiwudi. Kila silinda vina vitatu: chini kidogo ya ngazi, katikati, na karibu na mwisho wa safari ya ringi. Kila kina mielekeo miwili: kufuata kranki (shafti kuu ya injini), na kuikata kranki. Sita mara nne, vipimo 24. Mwelekeo wa kuikata kranki ndio muhimu, maana konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, ikiwa imelala pembeni wakati wa kusukumwa chini, inaibana pistoni kwenye ukuta wa upande mmoja. Silinda hailiki kama bomba linalopanuka. Inaliwa kama kizingiti cha mlango kinacholika pale watu wanapokanyaga.

Silinda ya 1: juu, kuikata kranki, imeongezeka 0.09, kufuata kranki 0.06, chini 0.02. Ya 2 inafanana nayo. Ya 4 ilifika 0.12. Ya 3 ndiyo iliyokuwa inakunywa oili yangu: juu 0.17 kuikata kranki, 0.10 kufuata kranki, chini 0.02 na 0.01. Na kumbuka, ile ya kwanza iliyoguswa kwa ukucha na kuhukumiwa ilikuwa mojawapo ya zile nzima zaidi.

Sikuziamini namba za silinda ya 3, nikatafuta shahidi wa pili. Huyu hana gharama, na asiye na uwezo wa kununua geji aanze naye. Chukua ringi nzima, hata ya zamani, iingize kwenye silinda, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Pima juu, chini kidogo ya ngazi, kisha isukume hadi chini kabisa upime tena. Gawa tofauti kwa 3.14. Yangu ilikuwa 0.85 juu na 0.45 chini. Tofauti 0.40, ukigawa unapata karibu 0.13. Wastani wa vipimo vya geji juu ukitoa wastani wa chini ulikuwa 0.12. Nikakaa chini kwenye kiti nikawaita watoto waje kuona. Hawakuelewa, lakini walikuja.

Ringi ina udhaifu wake: inapima mzunguko, haijui umbo. Silinda iliyobonyea upande mmoja na ile iliyopanuka kote zinaweza kuipa mwanya uleule. Ile 0.17 na 0.10 ya mahali pamoja, ringi ingeniambia 0.135 na kunyamaza. Umbo hilo la yai ndilo linalopitisha oili.

Nilijaribu pia zile geji za teleskopu, zenye umbo la herufi T, unazozifunga ndani ya silinda halafu unazitoa na kuzipima kwa maikromita. Ni rahisi zaidi, na mwenye mkono mwepesi anazipenda. Mkono wangu umezoea nyundo. Sehemu ileile zilinipa majibu yaliyoachana kwa 0.03, na mimi nilikuwa natafuta tofauti za 0.07. Nilizirudisha kwa mwenyewe.

Sasa uamuzi. Vitabu vingi vya Toyota vya zama hizo huruhusu silinda ilike hadi 0.2 kabla ya kulazimisha kuchonga, kwa hiyo kwa namba peke yake ningeweza kuisugua kwa mawe, kuweka ringi mpya na kuondoka. Nilishawishika sana. Kilichonizuia ni ile tofauti ya juu na chini. Ringi mpya kwenye silinda ya namna hiyo inafunguka na kujibana kila pistoni inapopanda na kushuka, maelfu ya mara kwa dakika. Kisha ile ngazi: ringi ya zamani imeshachongeka kona ikaizoea, lakini mpya ina kona kali, inaweza kuigonga ikavunjika na kuvunja kitako chake kwenye pistoni. Ngazi inaweza kuondolewa kwa kifaa chake, sawa. Gari la kwenda sokoni mara mbili kwa wiki ningelifanyia hivyo bila aibu. Hili langu linabeba mbao.

Nikaamua kuchonga, lakini kuchonga hadi ngapi? Fundi alisema 1.00, kwa sababu ndizo pistoni alizokuwa nazo. Hapa namba 24 zilifanya kazi yao. Ulaji wangu mkubwa ni 0.17. Chukulia kwa ubaya kabisa kwamba wote uko ukuta mmoja: mashine inachonga kwa kufuata kitovu cha asili, hivyo ili ifike kwenye shimo hilo lazima itoe 0.17 kila upande, yaani kipenyo kiongezeke 0.34. Ongeza kidogo ya kusafishia na kumalizia kwa mawe, bado uko ndani ya 0.50. Ovasaizi ya 0.25 isingetosha, hata kama mtu anayeona 0.17 haraka haraka atadhani inatosha. Ya 0.50 ilitosha, na ikaniachia 0.75 na 1.00 za siku nyingine kabla ya kufikia habari za kuweka slivu, yaani kuta mpya za silinda. Ningekubali moja kamili, ningekuwa nimemaliza akiba yote ya bloku kwa siku moja.

Fundi aliangalia plaiwudi yangu kwa muda. Akasema, "Wewe unapima kama unachonga kitanda." Lakini alikubali kuagiza za 0.50.

Nilidhani kazi ya geji imeishia hapo, kumbe nusu yake ilikuwa bado. Pistoni mpya nilizipima sketi (sehemu yake ya chini), kwa mwelekeo unaokata pini, zikawa 75.46 zote nne. Nafasi niliyoiomba kati ya pistoni na silinda ni 0.04, kwa hiyo silinda zije 75.50. Bloku liliporudi kutoka karakana ya kuchonga nililiosha kwa maji ya moto na sabuni, maana unga wa mawe ukibaki humo unakula ringi mpya kabla hujafika kona ya kwanza, nikalilaza usiku, asubuhi nikapima. Silinda ya 1, 3 na 4 zilikuwa kati ya 75.50 na 75.51. Ya 2 ilikuwa 75.53, juu hadi chini. Nilirudisha sifuri mara nne. 75.53.

Nikalipeleka bloku na pistoni na geji yangu. Yule jamaa wa mashine, ambaye ana geji ya maana iliyohifadhiwa kwenye mbao na kitambaa chekundu, alipima yake akapata 75.52. Tulitofautiana kwa alama moja, na kwa geji yenye kifuniko cha mpira wa tyubu mimi nilijiona profesa. Alikubali kwamba mawe yalikaa muda mrefu kwenye hiyo silinda. Hakuna kurudisha chuma kilichoondoka, lakini alikuwa na pistoni nyingine za 0.50, tukazipima moja moja hadi tukaipata ya 75.48, akanibadilishia bila malipo. Laiti ningefunga injini bila kupima, ningesikia pistoni ya pili ikigonga asubuhi za baridi na kumlaumu Mungu.

Injini inatembea. Haivuti oili ya kuonekana kwenye kijiti, moshi wa bluu umeisha, na kidumu cha kwenye buti sasa kina maji.

Je, uinunue? Kama una injini moja ya kufungua maishani na mtu unayemwamini ana geji nzuri, kaa naye umwone akipima mwelekeo wote na vina vyote, umpe chai. Kama huna mtu huyo, au unashuku ukucha wake, nunua, ila weka fungu la maikromita kwanza. Ikibidi kuchagua kimoja chukua maikromita na ringi ya zamani. Na tenga jioni moja ya kuiosha na kuisugua. Anayetaka kifaa cha kutoa sandukuni na kuanza kazi palepale, hiki hakimfai.

Jirani yangu aliiazima mwezi uliopita kwa ajili ya injini ya pikapu yake. Ameirudisha safi, imepakwa oili, imefungwa mpira mpya. Washa ziko tatu. Anaapa zilikuwa tatu tangu mwanzo.